Mdogo wangu anataka kusomea afya ya mifugo, baba anasema si kazi ya mwanamke. Naomba ushauri

Dada_wa_Nzega

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni.

Nina mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, kamaliza kidato cha nne. Matokeo yake ni ya kawaida: Baiolojia C, Kemia D, Jiografia C, Kiswahili B, Hesabu D, mengine siyataji. Kwetu ni Nzega, baba anafuga ng'ombe na mbuzi, na huyu mtoto tangu akiwa darasa la tatu ndiye anayejua ndama gani hajanyonya na mbuzi gani kaanza kuchechemea. Hakuna aliyemtuma. Akirudi shule anakwenda zizini kwanza, ndiyo anakuja kula.

Sasa anataka kwenda LITA, vile vyuo vya mifugo vya serikali, kusomea afya ya mifugo na uzalishaji. Baba hataki kabisa. Anasema aende ualimu au uuguzi, maana "msichana gani ataweza kulikamata dume?" Mama yuko kimya, na mimi ndiye mwenye uwezo wa kulipa ada, kwa hiyo maneno yote yanaishia kwangu.

Naomba kujua kwa waliosoma au wanaofanya hii kazi: hasa wanajifunza nini huko? Astashahada na stashahada tofauti yake ni nini kwenye kazi? Kuna maisha ya kueleweka baada ya hapo? Na hilo la uanamke, nijibuni kwa ukweli, msinipambe.

Natanguliza shukrani.

Mtoto_wa_Buhuri

Dada habari. Mimi niko LITA Buhuri hapa Tanga, mwaka wa pili.

Ukitokea kidato cha nne unaanza ngazi ya 4 ya NTA (ngazi za tuzo za vyuo vya kati), mwaka mmoja, unaendelea ya 5 mwaka mwingine, halafu ya 6 ndiyo stashahada. Kwa hiyo hadi stashahada ni miaka mitatu. Waliotoka kidato cha sita na masomo yanayotakiwa wanaingia moja kwa moja stashahada, wanasoma miaka miwili.

Masomo: anatomia na fiziolojia ya mnyama, vimelea, magonjwa, dawa na matumizi yake, ukaguzi wa nyama, uhimilishaji (kupandikiza mbegu bila dume), lishe, malisho, kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa, na ugani. Watu wengi wanadhani ugumu uko kwenye kugusa wanyama. Kwangu mimi na wenzangu ugumu umekuwa kwenye dawa. Mwambie mdogo wako asiitupe Hesabu. Mfano mdogo: OTC, ile antibayotiki ya sindano, ya asilimia 20 ina miligramu 200 kwa kila mililita moja. Dozi ni miligramu 20 kwa kilo. Ng'ombe ukimpima kifua kwa utepe ukapata kilo 250, unampa mililita 25, na huzichomi zote sehemu moja, unagawa. Ukikosea uzito, umekosea kila kitu. Kwenye mtihani wa vitendo mwalimu anakupa mnyama na chupa, anakaa pembeni anakuangalia.

Kwa darasa letu wasichana si wachache. Kwenye zamu ya kukamua alfajiri hakuna anayeuliza wewe ni nani, ndoo ni ndoo.

Afisa_Mifugo_Simanjiro

Dada wa Nzega, nimesoma swali lako nikaona nisipite.

Mimi ni mwanamke, ni mama, ni afisa mifugo msaidizi kwenye kata moja huku Simanjiro, na nilisoma chuo cha mifugo Tengeru, Arusha. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu jambo hili naliishi.

Nianze na dume la mzee. Hakuna mtaalamu wa mifugo anayelishinda dume kwa nguvu, awe mwanaume wa miraba minne au binti wa kilo hamsini. Dume la kilo mia nne halina mbabe. Linaingizwa kwenye kibanio cha miti, linazuiwa mbele na nyuma, kazi inafanyika. Pasipo kibanio kuna kamba: unaifunga kwenye pembe au shingoni, unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unaizungusha tena tumboni mbele ya mapaja, kisha mnavuta kwa nyuma, taratibu, bila makelele. Ng'ombe anakunja magoti na kulala mwenyewe. Inafundishwa chuoni, na ni ujuzi wa mikono na utulivu. Wanaoumizwa na ng'ombe, kwa ninavyoona mimi, mara nyingi ni wale waliokwenda kwa kibabe.

Sasa nimwambie mzee jambo ambalo huenda hajalifikiria. Kwenye maboma ya huku, anayekamua ni mama. Anayeshinda na ndama ni mama na watoto. Maziwa yakipungua kikombe kimoja, mama anajua asubuhi hiyohiyo, mwenye mji atajua siku ng'ombe akilala chini. Afisa mwanaume akifika anaketi na wazee chini ya mti, anaelezwa habari ya jumla. Mimi nikifika, wazee nawasalimia kwa heshima zao zote, halafu naingia zizini na akina mama, na historia ya ugonjwa naipata huko: lini kaacha kunyonya, choo kikoje, mkojo una rangi gani, kahamia malisho gani wiki iliyopita. Historia hiyo ni nusu ya utambuzi wa ugonjwa. Sisemi wanaume hawaipati, wapo wanaoipata vizuri sana. Nasema uanamke kwenye kazi hii umenifungulia milango mingi kuliko ulionifungia.

Nikupe mfano mmoja ulione kwa macho.

Masika iliyopita nilikuwa na binti wa fildi kutoka chuoni, mdogo wa umbo, mkimya. Tukaitwa kwenye boma moja, ndama watatu wa miezi mitatu minne wamezubaa. Kijana wa boma alikuwa ameshachukua bomba la sindano na chupa ya OTC, anataka kuwachoma wote amalize. Binti akamwomba kwa adabu asubiri kidogo. Akamshika ndama wa kwanza, akamwekea kipimajoto na kukishikilia hadi kikatulia: 41.2. Ng'ombe asiyeumwa kwa kawaida hazidi 39.5. Akapapasa chini ya sikio, akashuka mbele ya bega, tezi limevimba kama yai. Akageuza sikio, ndani kumejaa kupe wa kahawia. Akafunua kope akaangalia rangi: bado ya waridi, haijapauka wala haina umanjano. Akauliza mkojo kama una damu. Mama wa boma akajibu hapana, ila huyu mmoja ameanza kukohoa tangu jana.

Binti akanigeukia akasema, "Mama, naona ni ndigana kali." Ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Wenyewe huku wanaiita oltikana, na wanaijua kuliko vitabu.

Hapo ndipo elimu ilipookoa ndama. OTC inatibu magonjwa mengine ya kupe, ndigana baridi, na maji moyo ikiwahi, lakini ndigana kali ikishampanda ndama, OTC haimtoi. Anahitaji dawa nyingine, buparvakwoni, tena mapema. Ni mililita moja kwa kila kilo 20, kwenye msuli. Ndama wa kilo 60 anapata mililita tatu. Nikamwelekeza kuvuta majimaji ya tezi kwa sindano na kuyapaka kwenye kioo tupeleke maabara, ili tuwe na uhakika na kumbukumbu. Ndama wawili walisimama. Wa tatu, yule wa kikohozi, alikuwa ameanza kutoa povu puani, mapafu yameshajaa maji, hakufika asubuhi.

Kijana wa boma angewachoma wote OTC, watatu wangekufa, na yeye angebaki akisema dawa za siku hizi ni feki.

Ndiyo maana nasema kwa uchungu kabisa: kazi hii imechafuliwa na wachoma sindano. Mtu ana pikipiki, begi na chupa mbili, anajiita daktari, kila mnyama anapigwa OTC. Matokeo yake vijidudu vinazoea dawa, mfugaji anamaliza fedha, na maziwa yenye dawa yanaingia sokoni maana hakuna aliyemwambia mama asubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuuza. Mdogo wako akienda chuo, aende kujifunza kuangalia mnyama. Kipimajoto, mikono, macho, pua, maswali. Kushika sindano kunafundishika kwa mchana mmoja. Kujua lini usiishike ndiko kunakotaka miaka.

Kuhusu sheria: Tanzania tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari. Daktari wa mifugo ni yule mwenye shahada, aliyesajiliwa. Sisi wa stashahada na astashahada ni wataalamu wasaidizi, tunaandikishwa na Baraza kwa madaraja yetu na tunafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Mwenye stashahada anaaminiwa mambo mengi zaidi ya mwenye astashahada. Kama uwezo wa ada upo, msiishie katikati, mpeleke hadi stashahada. Na akimaliza asianze kutibu kabla ya kuandikishwa.

Duka_la_Mifugo_Kahama

Mama wa Simanjiro umesema kweli tupu, Mungu akuzidishie.

Mimi nina duka la dawa za mifugo hapa Kahama, nimeshaajiri vijana kadhaa wa vyuo vya mifugo. Nitazungumzia upande wa riziki, maana dada kauliza maisha baada ya chuo.

Serikalini ajira zipo ila zinatoka kwa awamu. Tangazo linatoka Sekretarieti ya Ajira, nafasi za Afisa Mifugo Msaidizi kwenye halmashauri, waombaji ni wengi sana. Anayekaa nyumbani kusubiri tangazo anaweza kukaa miaka. Kwa hiyo mwambie mdogo wako aingie chuo akiwa na akili ya kujitegemea, ajira ikija aipokee kama nyongeza.

Hapa kwetu riziki kubwa ni kuku. Kila nyumba mjini ina banda. Kuku wa kienyeji wanakufa kwa mdondo kila kiangazi, na chanjo yake ipo, ile ya I-2 inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko zile za kigeni ndiyo maana inafaa vijijini, lakini kuvumilia si kutembea nayo juani kutwa nzima. Kijana mwaminifu akishika mtaa mmoja, akaandika daftari lake nani kachanjiwa lini, akarudi tarehe ikifika bila kuitwa, hatalala njaa. Niliyenaye sasa ni binti, wateja wa kuku wanamuulizia kwa jina.

Uhimilishaji nao unalipa sehemu zenye ng'ombe wa maziwa. Kituo cha Taifa kiko Usa River, Arusha, wanatoa mafunzo. Ni kazi ya kuamka: ng'ombe akionekana na joto la kutaka dume asubuhi unampandisha jioni, akionekana jioni unampandisha asubuhi. Mbegu zinakaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ukizembea mtungi umepoteza mtaji wote.

Ninapomsaili kijana kazi namuuliza swali moja: mteja kaja anasema ng'ombe wake hayuko vizuri, hali, anataka dawa, utampa ipi? Anayenitajia dawa papo hapo simchukui. Anayeanza kumuuliza mteja maswali, au anayesema hili nitampigia daktari, huyo anaanza kazi Jumatatu.

Dada_wa_Nzega

Asanteni sana, yaani sikutegemea. Jana jioni nilimpigia baba nikamsomea maneno ya mama wa Simanjiro yote kwa simu. Pale kwenye ndama wa povu alinyamaza kidogo, akasema mwaka juzi alipoteza ndama wanne hivyohivyo, na alikuwa amewachoma OTC.

Hakusema ndiyo. Ila ameuliza maswali, na kwa baba yangu kuuliza ni jambo kubwa. Anauliza: magonjwa ya ng'ombe hayatamdhuru binti, hasa akija kushika mimba? Mdogo wangu anaweza siku moja kufika kuwa daktari kamili, au ndiyo mwisho wake hapo? Na vyuo binafsi vinavyojitangaza kila mahali, vinaaminika?

Wa_Nakuru

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, nilisomea chuo cha afya ya mifugo, AHITI Nyahururu, sasa niko Nakuru na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Huku kwetu sheria yetu ni ya 2011, na Kenya Veterinary Board inatuandikisha sisi wa cheti na diploma pamoja na madaktari, leseni tunalipia kila mwaka. Naleta hili kwa sababu moja: kama huyo binti atakuja kutaka kufanya kazi upande huu wa mpaka, cheti cha Tanzania pekee hakitoshi, lazima bodi ya huku imtambue. Aweke nakala za kila karatasi kuanzia siku ya kwanza, hadi ripoti za atachmenti, yaani mafunzo ya kazini. Wengi wanakwama hapo.

Kuhusu wanawake, shamba ninalohudumia ambalo lina rekodi safi kuliko yote linasimamiwa na mama aliyesoma chuo cha Kabete. Mwambie mzee hivyo.

Afisa_Mifugo_Simanjiro

Dada, mfikishie mzee salamu zangu, na pole zangu kwa wale ndama wanne.

Swali la magonjwa nalipokea kwa mikono miwili kwa sababu ni swali la mzazi, na halizungumzwi vya kutosha. Ndiyo, yapo magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuja kwa mtu, na mwanamke mjamzito anapaswa kuyaogopa zaidi. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, unaingia kupitia kondo la nyuma, majimaji ya uzazi na maziwa mabichi. Homa ya Bonde la Ufa iliyotupiga 2006 na 2007 ilikuja na damu na nyama za wanyama wagonjwa pamoja na mbu. Kimeta ni cha tatu: ng'ombe kafa ghafla, kavimba upesi, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma, huyo hapasuliwi, hachunwi, haliwi, anazikwa shimo refu. Kufundisha hili peke yake kijijini kwenu kutalipa ada yote ya mdogo wako.

Lakini kinga zipo na ni za kawaida. Glovu ndefu hadi begani wakati wa kuzalisha. Gambuti na ovaroli zinazobaki kazini, harudi nazo ndani kwa watoto. Maziwa ya kuchemsha, hata kama mwenyeji atakuona unajidai. Chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hajaanza kushughulika na mbwa, hii wengi wanaisahau, na mara nyingi mtu anaipata kwa kuifuatilia mwenyewe. Na kuna dawa za homoni, zile za prostaglandini zinazotumika kuleta ng'ombe kwenye joto: zinapenya ngozi na zinaweza kutoa mimba ya mtu. Mwanamke mjamzito hazishiki kabisa, anampa mwenzake. Vilevile chanjo hai ya brusela, ukijichoma nayo kwa bahati mbaya ni hospitali moja kwa moja. Mimi nilipokuwa mjamzito nilimweleza msimamizi wangu mapema, kazi za kuzalisha akachukua mwenzangu, mimi nikabaki na kuhesabu, chanjo za mbuzi na takwimu. Hakuna aliyeona ajabu.

Mzee aelewe kitu kingine: huko nyumbani Nzega binti anashika haya yote tayari, kila ng'ombe anapozaa, kwa mikono mitupu. Chuo kitampa glovu na sababu ya kuzivaa.

Kufika kuwa daktari: inawezekana. Shahada ya udaktari wa mifugo inasomwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, miaka mitano. Mwenye stashahada anaweza kuomba. Kwa ujumla TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutaka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, na chuo chenyewe huongeza masharti yake. Kwa hiyo asichezee ngazi ya 5 na 6 akidhani ni kupita tu. Nina rafiki niliyesoma naye Tengeru, alifanya kazi kwanza, akarudi kusoma, leo ni daktari wa wilaya na ninapokwama ndiye ninayempigia. Lakini nisimsukume mtoto: kubaki msaidizi mzuri ni kazi ya heshima kamili. Vijijini mwa Tanzania mara nyingi sisi ndio wataalamu pekee ambao mfugaji anawaona.

Mkopo pia muufuatilie. Bodi ya Mikopo tangu mwaka wa masomo 2023/24 imefungua dirisha kwa baadhi ya kozi za stashahada, za kilimo na mifugo zikiwemo. Someni mwongozo wa mwaka wenyewe.

Vyuo binafsi: vipo vizuri na vipo vya majengo. Kwanza hakikisheni usajili NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na ufundi, wana orodha na mwongozo wa udahili wenye sifa za kila kozi, mlinganishe na matokeo ya binti somo kwa somo. Lakini usajili hautoshi. Nendeni mkakione chuo. Ulizeni zizi liko wapi, mlione na wanyama ndani. Ulizeni maabara, hadubini ngapi zinafanya kazi na wanafunzi wangapi wanagombania moja. Ulizeni wanafunzi, msiwaulize walimu, ni lini mara ya mwisho walichukua damu ya mnyama wenyewe. Nimewahi kupokea mwanafunzi wa fildi, sitaji chuo, anayetaja mzunguko wa kupe wote kwa kichwa, ila hajawahi kugusa ng'ombe. Halikuwa kosa lake, alilipa ada kama wengine.

Kwenu Nzega, Mabuki iko Mwanza, si mbali sana, ni kampasi ya LITA na mazingira yake ni ya ng'ombe wa ukanda wenu. Tengeru na Buhuri wana uzoefu zaidi wa ng'ombe wa maziwa. Mimi ningempeleka mahali ambapo atakutana na wanyama wa aina atakayokuja kuwahudumia.

Mtoto_wa_Buhuri

Naongezea dogo: kwenye fomu ya kujiunga ataambiwa anunue vifaa. Ovaroli, koti jeupe, gambuti, seti ya kupasulia. Asinunue kipimajoto cha bei ya chini kabisa. Na gambuti zikiwa kubwa zinatoka kwenye matope ya zizi, achukue saizi yake.

Dada_wa_Nzega

Nimerudi na habari. Baba amekubali twende naye Mabuki tukakione chuo, anataka alione zizi kwa macho yake kabla hajasema lolote. Amesema atauliza habari ya hadubini yeye mwenyewe. Mdogo wangu ameanza kupima joto la mbuzi wote pale nyumbani kwa kipimajoto cha zamani cha mama, nimemwambia asikirudishe kwenye kabati la dawa za watu.

Mama wa Simanjiro, swali la mwisho na nisamehe kwa kukusumbua. Baba ana ndama sita sasa hivi, mvua zimeanza, anaogopa yaliyompata mwaka juzi. Afanye nini wakati huyu mtoto bado hajaenda chuo?

Afisa_Mifugo_Simanjiro

Hunisumbui, ndiyo kazi.

Ndama sita: aanze na kupe. Aogeshe kwenye josho la kijiji kama lipo na lina dawa, au kwa bomba la mgongoni, kila wiki wakati huu wa mvua, achanganye kama lebo inavyosema, asipunguze dawa ili idumu. Binti akague ndani ya masikio na chini ya mkia, kupe wa kahawia wanapenda masikio. Apime joto la kila ndama jioni, aandike kwenye daftari. Ikivuka 39.5 na tezi la chini ya sikio limejitokeza, asisubiri kikohozi, ampigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, na amwambie namba aliyoiona.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali, mnyama huchanjwa mara moja, na huku kwa wafugaji wa kaskazini imeokoa ndama wengi sana. Inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji na inachomwa pamoja na OTC ya muda mrefu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni lazima ifanywe na mtaalamu aliyefunzwa, na kawaida huja watu wakikusanya ndama wengi pamoja ili dozi zisipotee. Mzee azungumze na majirani zake, wahesabu ndama wao, kisha waende kwa daktari wa mifugo wa wilaya wakiwa na idadi mkononi. Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilipozinduliwa kule Bariadi Juni 2025, wengi wamezoea hereni na foleni za chanjo, ila ile ililenga homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka kwa mbuzi na kondoo, na magonjwa ya kuku. Ndigana kali waiombe wenyewe.

Daftari la joto binti alitunze. Akienda Mabuki alibebe, mwalimu yeyote mwenye mapenzi na kazi hii akilifungua atajua amepokea mwanafunzi wa aina gani.